Mlio Unaopanda Kilima

Reino Kangas alikuwa amedanganya siku mbili mfululizo, na Jumamosi ilikuwa siku ya kukamatwa.

Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto. Binti yake, Renae, alimpigia simu Jumatano akamwagiza jambo moja jepesi: kila jioni ajipenyeze uvunguni mwa pikapu, azinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu zile nati tatu zilizoshika bomba la moshi, basi, arudi ndani akanywe kahawa yake. Nati zikilowa siku tatu, Jumamosi yeye angefika na bomba jipya na kazi ingekuwa ya asubuhi moja. Reino akasema, "Sawa, mwanangu." Alhamisi akaulizwa, akajibu kwamba ameshanyunyizia. Ijumaa akaulizwa tena, akasema zimelowa mpaka zinadondosha. Na muda wote huo chupa ya mafuta ilikuwa imekaa kwenye rafu ya banda la gari, kizibo hakijafunguliwa.

Tusimwonee. Reino hakuwa mtu wa uongo. Huko kwao kaskazini mwa Michigan, kwenye misitu inayoshuka hadi Ziwa Superior, mwanamume asiyeongeza urefu wa samaki aliyemvua ni wa kutafuta kwa tochi, na Reino hakuongeza hata unene wa kidole. Alikuwa na miaka sabini na minne, ana kanisa lake, ana sauna yake nyuma ya nyumba, kile kibanda cha kuoga kwa mvuke kila Jumamosi, na majirani wangemwapia popote. Alidanganya kwa sababu ya mkewe, Sylvi.

Sylvi alikuwa anasahau. Ugonjwa ulimwanza miaka minne nyuma kwa kupoteza miwani, ukaendelea kwa kupoteza majina, na sasa zilikuwapo asubuhi ambazo alimtazama Reino wakiwa wamekaa meza moja, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Bwana, unamngoja mtu?" Reino hujibu, "Namngoja mke wangu." Sylvi humwambia asikate tamaa, atakuja tu. Mtu mwenye moyo wa chuma angeweza kucheka, na siku za mwanzo Reino alicheka.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo ugonjwa haukuligusa. Pikapu ya Reino ilipopanda kilima kutoka kwenye sanduku la barua kule barabarani, ikilia kwa mlio wake, Sylvi aliinuka popote alipokuwa. Aliweka birika la kahawa motoni, akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua mlango, na mtu aliyeingia kwa mlango ule wakati ule alikuwa Reino, mume wake. Hakukosea hata siku moja. Alimwita kwa jina. Alimgombeza kwa matope. Kwa saa nzima, mara nyingine saa mbili, alikuwa Sylvi yuleyule wa zamani, na Reino alikuwa na mke.

Kwa hiyo kila siku saa tisa alasiri Reino aliwasha pikapu, akateremka mpaka kwenye sanduku la barua, mwendo ambao angeutembea kwa miguu bila kuhema, kisha akageuza na kupanda. Alikwenda hata Jumapili, siku isiyo na barua. Alikwenda theluji ikiwa imefika magurudumuni. Alikuwa akitoka nyumbani ili apate kurudi, na hakumwambia mtu.

Sasa Renae alitaka kuuondoa mlio ule, na wala hakuwa na makosa. Mwezi uliotangulia alipanda nao pikapu kwenda kanisani, watatu wamebanana kwenye kiti kimoja, akashuka kichwa kinamgonga. Akajilaza palepale kwenye maegesho ya kanisa na gauni lake la Jumapili, akachungulia uvunguni. Ile chumvi inayomwagwa barabarani miezi yote ya baridi ili kuyeyusha barafu ilikuwa imelila bomba la kiwandani mpaka limekuwa chujio, tena chini kabisa ya miguu yao, na sakafu ya pikapu nayo ilikuwa na matundu yake. Moshi ulipanda moja kwa moja ndani.

"Baba," alisema akijipangusa magoti, "mtakufa huku mnaimba."

Basi Jumamosi ile ya Oktoba, theluji ya kwanza ikiwa bado inajifikiria, Renae alifika saa nne asubuhi. Alikuwa ameondoka kwake Wisconsin alfajiri, bomba jipya limefungwa kamba juu ya gari lake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi, ana mikono mipana ya baba yake na ulimi wa mama yake. Sylvi ndiye aliyemfungulia mlango.

"Karibu, dada," akamwambia. "Umekuja kunipima presha?"

Renae akajibu: "Nimekuja kutengeneza gari, mama."

"Vizuri sana. Mume wangu akirudi atafurahi."

Mume alikuwa amesimama nyuma ya binti, kofia mkononi.

Walipofika bandani, Renae aliinua pikapu kwa jeki, akaiketisha juu ya stendi nne za chuma, akaitikisa kwa bega kuhakikisha imetulia. Kisha akatandika kipande cha boksi sakafuni, akajilaza, akateleza uvunguni na tochi yake. Reino akabaki amesimama akiviangalia viatu vya binti yake.

"Baba."

"Naam."

"Hizi nati umezinyunyizia nini? Maombi?"

Reino akajitia hamnazo. "Labda yamekauka. Wiki hii kulikuwa na upepo."

"Upepo." Viatu vikasogea, magoti yakafuata, akatoka Renae mzima akiwa na kutu kwenye nyusi. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akaishika ile chupa, akaigeuza, akakitazama kizibo. Halafu akamtazama baba yake. "Nani anakufundisha uongo uzeeni?"

"Hili bomba ni la kiwandani," Reino akaanza. "Limekuja na gari. Hayo ya siku hizi ni mabati ya kuchezea. Mimi sioni..."

"Baba, nimeamka saa tisa usiku. Nimeendesha na mvua njia nzima. Sitaki hotuba ya mabati. Unataka nini hasa? Nije niwazike wawili kwa siku moja? Maana mama naye anaivuta hiyo sumu."

Reino akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaikunja kofia yake, akaikunjua, na mwisho akasema yote. Alimwambia habari za asubuhi, za lile swali la bwana unamngoja nani. Alimwambia habari za saa tisa, za sanduku la barua, za mlango. Aliyasema akiwa anaitazama sakafu, kwa sababu angemtazama mtoto wake asingemaliza.

"Kila siku?" Renae akauliza.

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Msimu wa baridi wa mwaka juzi. Nilitoka kununua maziwa, niliporudi akanijua. Kesho yake nikatoka tena, nione." Akajipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Ukibadilisha bomba, mlio utabadilika. Na mimi sina kingine, mwanangu. Sura yangu haimwambii kitu tena."

Renae aliketi kwenye bampa, akakaa muda akiipitisha spana kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Alikuwa amekuja na hasira ya kutosha siku nzima na sasa hakujua aiweke wapi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenicheka."

"Nisingecheka." Akavuta pumzi. "Lakini litatoka, baba. Hata kwa hayo yote, litatoka. Unalijua hilo."

Reino alilijua. Ndiyo maana alikuwa amekonda wiki ile. Alijua kila Jumapili anampakia Sylvi ndani ya moshi, na alijua pia kwamba bomba likibadilishwa huenda akawa mgeni nyumbani kwake mpaka mmoja wao afe. Akainuka kwenye ndoo, akaichukua chupa kutoka mkononi mwa binti yake, akakivunja kizibo mwenyewe.

"Nipishe," akasema. "Wewe unanyunyizia kama mtu anayepika saladi."

Wakanyunyizia, wakangoja, wakanyunyizia tena. Na kwa kuwa fundi ni fundi, haikuchukua nusu saa Reino akawa amesahau kwamba hataki kazi ile ifanikiwe. Renae alipoikamata nati ya kwanza na kuanza kuivuta, baba yake alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa gurudumu.

"Kaza kwanza! Kaza kidogo ndipo ulegeze. Inatakiwa ishtuke."

"Nimeshakaza."

"Hujakaza, umeibembeleza."

Nati ya kwanza ikaachia kwa mlio wa mlango mbovu. Ya pili ikagoma, ikapigwa nyundo, ikatukanwa, ikaachia. Ya tatu ilikuwa imekaa juu, pembeni, mahali ambapo mkono haufiki bila kujikwaruza, na spana ilipoishika ikateleza na kuondoka na pembe zake. Renae akatoka damu kwenye vifundo vya vidole. Akaipasha moto kwa mtungi wa gesi mpaka ikawaka nyekundu, akaikamata kwa koleo, akavuta mpaka miguu ikanyanyuka sakafuni. Nati haikuwa na habari naye. Akaipasha tena. Wapi.

"Nalikata," akasema akihema. "Nipe msumeno."

"Ukikata hapo utakata na kiungo cha mbele, na hicho hukukinunua."

"Unafurahi, eh?"

"Kidogo," Reino akakiri.

Hawakumsikia Sylvi akiingia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na aproni yake, amejikunja kwa baridi, akiitazama ile nati nyekundu chini ya gari kwa macho ya mtu anayeijua.

"Mna mshumaa?" akauliza.

Reino akainuka haraka. "Twende ndani, Sylvi, kuna baridi."

"Nimeuliza mna mshumaa." Hakungoja jibu, akageuka akaondoka. Reino alikuwa anatafuta koti lake amfuate, maana siku hizi Sylvi aliweza kwenda chumbani akaishia msituni, lakini kabla hajapata mkono wa koti mkewe alikuwa amesharudi. Alishika kipande cha mshumaa mweupe, kimoja cha vile vipande anavyovihifadhi kila mwaka baada ya mkesha wa Krismasi, wanapokwenda kuwawashia wafu wao mishumaa makaburini. Akainama, akampa Renae uvunguni.

"Ipashe tena. Ikiwa nyekundu ondoa moto, iguse na nta. Itaivuta yenyewe ndani. Usingoje ipoe, dada, igeuze hapohapo."

Renae akaipasha, akaondoa moto, akaigusa. Nta ikayeyuka, ikatoa moshi wenye harufu ya kanisa, ikanywewa na nati yote. Akaikamata kwa koleo. Ikazunguka. Haikugoma hata kidogo, ilizunguka mpaka ikamwangukia mkononi na kumfanya apige yowe.

"Baba yangu alikuwa anafanya hivyo," Sylvi akasema, "kwenye magari ya magogo." Akajipangusa vidole, akawaacha.

Reino alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. "Miaka arobaini na tisa," akasema. "Miaka arobaini na tisa navunja bolti humu ndani, natukana mpaka naomba toba, na yeye anajua dawa!"

"Hukuwahi kumwuliza," akasema Renae. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na hakutoka uvunguni kwa muda.

Kilichobaki kilikuwa kulishusha bomba, na bomba la kiwandani halishuki kwa heshima. Ni kipande kimoja kirefu, kimepinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kimening'inizwa kwa raba nne zilizokwisha kugandamana na chuma. Renae akataka tena msumeno. Reino akamwomba asilikate, litoke zima. Hakuwa na sababu ya kumpa, na Renae hakumwuliza. Binti alikwenda sauna akarudi na sabuni yao ya kuogea, ile ya lami ya misonobari, na ndoo ya maji ya moto, wakazipaka raba zile povu mpaka zikateleza, moja, mbili, tatu, nne.

Wakati akiipaka ile ya mwisho, Renae alicheka. "Na hili kopo bado lipo?"

Nyuma ya sailensa, bomba lilikuwa limevikwa kopo la kahawa. Lilikuwa jekundu zamani. Reino alilikata kwa mkasi wa bati, akalizungushia pale kuziba tundu, akalifunga kwa mikanda miwili midogo ya chuma ya kukazia, kama afanyavyo kila mtu huko kwao mpaka apate nafasi ya kununua kitu cha maana.

"Nililiweka la wiki moja," akasema Reino.

"Mwaka gani?"

"Acha maneno, shika huko mbele."

Mkanda mmoja ulikuwa umekatika siku nyingi, na kopo lilikuwa limeshikiliwa na ule mmoja tu. Wakalizungusha bomba kushoto, wakaliinamisha, wakalivuta nyuma, wakalirudisha mbele, Reino akitoa amri na Renae akizipuuza, hadi likapita juu ya ekseli na kumwangukia Reino kifuani na kutu ya miaka zaidi ya ishirini. Akalala pale amelikumbatia, akipepesa macho. Wakalivuta nje wakalilaza ukutani.

Bomba jipya liliingia kwa dakika arobaini. Lilikuwa zuri, linang'aa, halina neno. Ilipotimu saa tisa pikapu ilikuwa chini kwa magurudumu yake.

"Nenda," akasema Renae. "Mimi nitakuwa jikoni naye."

Reino akateremka mpaka kwenye sanduku la barua. Akalifungua, akatoa tangazo la matairi. Akageuza. Pikapu ikapanda kilima kwa mngurumo mdogo, wa adabu, kama gari la mchungaji. Reino alikanyaga mafuta zaidi apate kelele, ikanguruma zaidi kidogo, kwa adabu ileile. Akaegesha mahali pake pa siku zote. Mlango wa jikoni haukufunguka.

Akapanda ngazi tatu, akashika kitasa. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kwa miaka yote waliyoishi pale komeo lile halikuwahi kufungwa mchana.

"Usifungue," akamsikia Sylvi ndani. Sauti yake ilikuwa ya woga.

"Ni baba, mama. Ni gari la baba."

"Hilo si gari la Reino. La Reino nalijua. Mwambie huyo mtu mume wangu yuko njiani, anakuja sasa hivi. Mwambie, dada."

Reino alikiachia kitasa polepole kisilie. Hakutaka kumwogopesha zaidi. Akashuka ngazi, akavuka uwanja, akaingia bandani, na hapo ndipo uchungu ulipompanda. Alilia kama wanavyolia wazee wa huko, mdomo umefumbwa. Akaliona bomba kuukuu limejilaza ukutani, limetulia, halijui lililotenda. Akalipiga teke kwa nguvu zake zote.

Bomba likabingirika juu ya saruji, na kopo la kahawa likalia. *Kra-ta-ta-ta-ta.* Likagota kwenye ndoo, likajitikisa, likalia tena kidogo.

Komeo likafunguka ng'ambo ya uwanja.

Reino akageuka. Sylvi alikuwa mlangoni, anajifuta mikono kwenye aproni. Hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama chini kwenye njia ya kilima, shingo ameinyoosha, uso umemchangamka. Njia ilikuwa tupu. Alingoja. Uso ukafifia taratibu, akarudi ndani, na mahali pake akatokea Renae, macho yamemtoka.

"Baba," akamwita kwa sauti ya chini. "Piga teke tena."

Akapiga. Kopo likalia, Sylvi akarudi mlangoni, akachungulia njia.

Renae alivuka uwanja mbio, bisibisi tayari mkononi. "Si bomba," alikuwa anasema, "baba, si bomba, ni kopo! Miaka yote hii ni kopo!" Reino alikwisha kupiga magoti. Mkanda uliobaki ulikuwa umeshikana na kutu, na wakati mwingine angeulowesha kwa subira, lakini sasa nusura aufungue kwa meno. Wakalitoa lile bati chakavu, jembamba kama jani, wakaingia uvunguni wote wawili bila hata boksi la kulalia, na hapo fundi wa mitambo wa kiwanda cha karatasi na baba yake wakafanya kazi ambayo hakuna fundi mwenye akili angeifanya: wakalivika bomba jipya, zima, lisilo na tundu hata la sindano, kiraka cha kopo la kahawa.

Renae akakaza mkanda. Reino akaligonga kopo kwa kidole. Halikulia.

"Legeza."

"Hivi?"

"Zaidi. Umelibana, halipumui."

"Litadondoka barabarani, baba."

"Halijadondoka miaka tisa. Legeza. Hapo. Hapo! Usiguse tena." Akaligonga. Kopo likajibu. Wakatazamana palepale chini ya gari, nyuso zao zimejaa kutu, na Renae akambusu baba yake kwenye paji la uso, jambo ambalo katika familia ile hutokea msibani tu.

Akarudi jikoni kukaa na mama yake. Reino akateremka mara ya pili. Kwenye sanduku la barua hakushuka, hapakuwa na kitu cha kutoa. Akageuza, akaweka gia ya kwanza, akasali kwa maneno ambayo si ya kanisani.

Kilima kina mawe katikati, na hapo ndipo kopo lilipoanza. *Kra-ta-ta. Kra-ta-ta-ta-ta.* Reino akapanda taratibu, akilisikiliza kila neno lake. Akaegesha, akazima. Alibaki mikono kwenye usukani akiogopa kuangalia nyumba, mpaka akasikia bawaba za mlango.

"Reino!" Sylvi alikuwa juu ya ngazi na kitambaa cha vyombo begani. "Umekawia. Na sauna nani anaiwasha leo, mimi?"

"Nawasha sasa hivi, mpenzi."

"Kwanza kahawa. Na hivyo viatu unavivua nje, usiniletee hayo matope yako. Mungu wangu, mtazame alivyojaa kutu! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye barua."

"Barua!" Akamshika mkono, akamvuta ndani, akamsukuma kuelekea mezani. Birika lilikuwa linachemka. Renae alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake, kile cha karibu na jiko, akiwatazama.

Sylvi alikuwa anashusha birika motoni. Alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyokuwa akisema kila jioni nyumba ile ilipokuwa na mtoto ndani yake.

"Renae, mpishe baba yako akae. Na utoe vikombe, vile vya bluu."

Hakuna aliyemtajia jina hilo siku ile. Reino alisimama na kiatu kimoja mkononi. Alimwona binti yake akishika ukingo wa meza ndipo ainuke.

"Ndiyo, mama," akasema.

Akaenda kabatini, akasimama mgongo kwao, akavitoa vikombe kimoja kimoja, polepole sana, asije akavunja hata kimoja.